Flashi ya Kwanza

Katika kazi ya kupiga picha za muziki huku Ufipa, anayekulisha si mwanamuziki. Anayekulisha ni mtunzaji. Mwimbaji akifika kwenye ubeti mtamu, mtu huinuka kitini, huenda mbele akicheza taratibu ili wote wamwone, kisha humbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso au humtia mfukoni. Mpigapicha anatakiwa awe amekwisha kufika hapo. Kabla wimbo haujaisha, picha iwe imesafishwa kwenye printa ndogo iliyofichwa nyuma ya spika, na mtunzaji apelekewe mezani angali na jasho la sifa. Akipelekewa kesho hanunui. Kesho atakuwa amekumbuka mbolea na ada za watoto.

Na kwa kuwa wapigapicha ni wengi na watunzaji ni wachache, ipo sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mwenye flashi ya kwanza ndiye mwenye mteja. Flashi yako ikimmulika mtu kwanza, mwenzako hushusha kamera. Asiyeshusha hukuta waya wa printa yake umekatwa.

Winifrida alifundishwa sheria hiyo na Mama Kalista, kama alivyofundishwa naye mengine yote ambayo chuo hakikumfundisha. Chuoni alijifunza mwanga na kivuli, na namna ya kuandika maelezo chini ya picha. Mama Kalista alimfundisha kuvaa viatu visivyo na kelele, kula kabla ya onyesho, kumpiga picha mtu mnene akiwa ameinua mikono, na kutompiga kabisa mwanamume aliyekuja na mwanamke asiye wake, hata akitunza burungutu.

"Huyo hanunui picha," Mama Kalista alisema. "Huyo anataka kamera yako aivunje."

Studio ya Mama Kalista ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Milanzi, Sumbawanga mjini, chenye pazia la bluu la picha za pasipoti na kioo chenye ufa. Zamani watu walipanga foleni nje siku za Krismasi. Siku hizi kila mtu ana simu, na kilichobaki kumlisha ni bendi. Alikuwa amepita hamsini. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kugoma, na miwani yake aliitafuta kila saa.

Kamera ya Winifrida nayo ilikuwa ng'ombe kabla ya kuwa kamera. Mama yake mzazi, Cornelia, mjane, alikuwa na jozi moja ya ng'ombe wa plau kule kijijini, akauza mmoja. Aliyebaki hakuweza kuvuta plau peke yake, kwa hiyo Cornelia alirudi kwenye jembe la mkono.

"Ukishapata kazi ya kueleweka, utamtafutia mwenzake," alimwambia binti yake siku moja, akicheka, viganja vyake vimeanza malengelenge.

Kazi ya kueleweka ilikuwa moja tu, na Winifrida aliijua. Ilikuwa nafasi kwenye gari la Mbizi Nyota.

Mbizi Nyota ndiyo bendi inayopendwa kuliko zote kwenye uwanda huu. Kila mwaka, mahindi na maharage yakishavunwa na watu wakishauza, bendi hufunga safari: Sumbawanga, Chala, Namanyere, mpaka Kipili kule ziwani. Huchukua mpigapicha mmoja. Huyo hula na bendi, hulala inapolala bendi, na mbele ya jukwaa husimama peke yake, hana wa kushindana naye flashi. Msimu mmoja kama huo humtosha mtu mwaka mzima. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilikuwa ya Mama Kalista, na hakuna aliyewahi kuihoji.

Aliyekuja kuihoji ni mwenye bendi mwenyewe, Leonardi, mwimbaji mwenye mvi za mapema na sauti nzito. Siku moja ya mazoezi alikuwa akipitia picha walizomletea, akasita kwenye moja.

"Hii kapiga nani?"

"Mimi, mzee," Winifrida alijibu kwa sauti ya chini.

"Mbona naonekana nimechoka?"

"Ulikuwa umechoka, mzee."

Mpiga ngoma alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Leonardi hakucheka mara moja. Aliisogeza picha dirishani, akaitazama tena, ndipo akatabasamu.

"Mtoto anaona haya kunitazama, lakini kamera yake haina haya. Kalista, mwanao kakuzidi!"

"Mtoto akikuzidi ni sifa ya aliyemlea," alisema Mama Kalista, huku akipekua mkoba kutafuta miwani. Miwani ilikuwa kichwani pake.

"Basi Jumapili tunapiga Chala. Njooni wote wawili. Picha zitakazonigusa, mwenye nazo anapanda gari. Mmoja tu, maana kiti ni kimoja."

Njiani kurudi Milanzi Winifrida alitembea hatua moja nyuma ya Mama Kalista. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, vumbi likipita chini chini barabarani. Walipofika studio Mama Kalista alichemsha chai ya tangawizi, akammiminia Winifrida kwanza.

"Usinionee haya, mwanangu," alisema. "Kazi ni kazi. Mimi nimeshakula vya kutosha."

"Mama, ukitaka nisiende, siendi."

"Hee! Usiende, watu waseme Kalista kamroga mtoto? Utaenda." Alipuliza chai yake. "Nikwambie tu mambo ya Chala, maana hujawahi kupiga kule. Ukumbi una giza. Bila flashi utarudi na makaa. Halafu kuna wimbo Leonardi anauimba Chala tu, unaitwa Marsiana. Watu wote wanakaa chini, mbele kunakuwa kweupe. Hapo ndipo anapoutoa uso wake wote. Sogea mpaka karibu, mmulike. Ukiipata hiyo, kiti ni chako."

"Na wewe, mama? Mbona unanipa mimi?"

"Goti hili litanifikisha mbele saa ngapi?" Mama Kalista alicheka, akamnyooshea kola ya sweta kama mtu anayempeleka mtoto wake shule.

Winifrida alimshukuru kwa kupiga goti.

Mama Kalista hakuwa amesema uongo mwingi. Wimbo ulikuwepo, watu walikaa chini, na Leonardi aliutoa uso wake wote. Alichokiacha ni kile ambacho kila mtu wa Chala alikijua. Marsiana alikuwa binti yake Leonardi. Alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa, baba yake akiwa anaimba Mpanda, na alizikwa Chala, nyumbani kwao mama yake. Baba alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Tangu hapo huuimba wimbo huo Chala tu, mara moja kwa mwaka, na wakati huo hakuna anayetunza. Wanaume huvua kofia. Simu hulazwa kifudifudi mezani. Mpigapicha hugeuza lenzi kuelekea sakafuni mpaka wimbo uishe. Hakuna aliyewahi kukosea, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa.

Jumapili hiyo ukumbi wa Chala ulijaa mara tu baada ya chakula cha mchana. Wakulima walikuwa na makoti yao ya baridi, wanawake na vitenge vipya, na wafanyabiashara wa mahindi walikaa meza za mbele ambako wangeonekana. Winifrida alisimama upande wa kushoto wa jukwaa, Mama Kalista kulia.

Alianza vizuri kuliko alivyowahi kuanza. Alikuwa mwepesi. Mtunzaji alipoinua tu tako kitini, yeye alikuwa ameshainama mahali pake. Picha zilitoka kwenye printa moja baada ya nyingine, na kila aliyepelekewa alinunua. Leonardi alimtupia jicho, akamkonyezea kidogo.

Kisha akainuka mfanyabiashara mmoja mkubwa, koti la ngozi, noti zimepangwa kama kipepeo. Flashi ya Winifrida ikammulika. Mama Kalista alikuwa ndiyo kwanza anafika, akichechemea, kamera imeinuliwa nusu. Kwa sheria, aliishusha. Winifrida aliuona uso wake wakati akiishusha: hakukuwa na hasira, kulikuwa na mshtuko mdogo wa mtu aliyenyoosha mguu gizani akakosa ngazi.

Moyo ulimuuma. Alisogea, akamnong'oneza, "Mpige wewe, mama. Mimi nimekosea, kafumba macho."

Mfanyabiashara hakuwa amefumba macho. Mama Kalista alijua hivyo. Alimpiga, akasafisha, akauza. Alipopita kurudi upande wake alimshika Winifrida mkono, akamtazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Mpiga gitaa akaanza kupapasa nyuzi za wimbo mwingine, taratibu, na ukumbi mzima ukaanza kukaa.

Mama Kalista aliuachia mkono. "Ndiyo huo," alisema. "Nenda."

Leonardi alisogea mbele ya jukwaa, akafumba macho. Aliimba kwa Kifipa, lugha ambayo Winifrida alinyonya nayo. Baba alikuwa anamuuliza mtoto kama blanketi linatosha, maana baridi ya Ufipa imeanza na yeye hayupo karibu kumfunika. Ulikuwa huo tu, swali moja linarudiwa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Mbele kulikuwa kweupe kweli. Winifrida alisogea kwa viatu vyake visivyo na kelele. Juu ya jukwaa, kwenye paa, kulikuwa na bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, na mwanga wa alasiri ulikuwa unashuka kupitia hapo, mweupe na hafifu, ukimwangukia Leonardi paji la uso, mashavu na kiganja kilichoshika hewa kana kwamba kinavuta blanketi. Macho ya Winifrida yalijaa machozi. Alimkumbuka baba yake. Aliinua kamera bila kufikiri flashi, akabana pumzi, akapiga.

Hakuna aliyesikia. Alitazama kioo cha kamera na kujua amepata picha ambayo hajawahi kuipata na huenda hataipata tena.

Laiti angeiamini. Lakini aliambiwa flashi, na aliyemwambia alikuwa na miaka mingi kazini. Aligeuka kumtafuta Mama Kalista. Alimwona ng'ambo, ameipakata kamera kifuani, kifuniko kimo kwenye lenzi. Mama Kalista alimwinulia kidevu: haya.

Winifrida aliwasha flashi, akapiga tena.

Mwanga ulimpiga Leonardi usoni. Aliacha kuimba katikati ya neno. Gitaa likaendelea kidogo, likanyamaza. Katika ukimya ule Winifrida alisikia kiti kikilia, na mtu akisema, "Yesu na Maria."

"Nani huyo?" Leonardi aliuliza, macho yakipepesa.

Vichwa viligeuka kushoto na kulia.

"Nimeuliza, nani kanimulika?"

"Ni huyo binti wa kamera!" sauti ya mwanamke ikasema.

"Njoo hapa, mama. Usiogope, panda."

Alisema kwa upole. Winifrida alipanda. Leonardi alimshika bega na kumsogezea maiki.

"Unaitwa nani?"

"Winifrida."

"Sema wakusikie."

"Winifrida." Sauti yake ilitoka kwenye spika, kubwa, si yake.

"Baba yupo, Winifrida?"

"Alifariki, mzee."

"Pole. Siku mliyomzika, wakati unalia, kuna mtu alikuja kukuwashia tochi machoni?"

"Hapana, mzee."

"Ungefurahi?"

"Hapana."

"Mwanangu amelala pale nyuma ya kanisa. Sasa umeshamaliza na mimi, twende nikupeleke ukampige na yeye?"

Mtu mmoja alicheka. Hakuwa amekusudia, alicheka kama watu wanavyocheka wakibanwa na huzuni, lakini kicheko kilikwisha kutoka, na wengine wakakifuata kwa nafuu. Winifrida alimtafuta Mama Kalista kwa macho. Mama Kalista alikuwa ameweka mkono mdomoni, anatikisa kichwa kama mzazi aliyeaibishwa.

Neno lilikuwa pale pale ulimini: niliambiwa. Lakini kulisema kulihitaji kunyoosha kidole kwa mtu mzima mbele ya watu, na hilo hakulelewa nalo.

"Nisamehe, mzee," alisema.

"Na yeye apigwe!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Apigwe picha aone utamu wake!"

Ukumbi ukalipuka. Leonardi angeweza kukataa. Alimtazama binti aliyesimama mbele yake ameshika kamera kwa mikono miwili, halafu akautazama ukumbi uliokuwa unamngoja, na yeye ni mtu aliyeishi kwa kuupa ukumbi unachotaka.

"Haya," alisema. "Simu zenu hizo. Mpigeni. Na wewe, mama, tulia hapo hapo, usijifunike."

Simu zilizokuwa zimelazwa kifudifudi kwa heshima ya marehemu ziliinuka zote. Lakini flashi ya kwanza haikutoka kwenye simu. Ilitoka upande wa kulia wa jukwaa, kubwa, nyeupe, yenye mshindo mdogo ambao Winifrida aliujua kwa sababu alikuwa akiibadilishia betri kila wiki. Baada yake zikafuata nyingine zote, mpaka hakuona mtu tena.

Ndipo Mama Kalista akapanda, taratibu kwa ajili ya goti. Akamfunika mabega kwa kitenge chake.

"Nipe hiyo memori kadi, mwanangu. Nitazifuta mimi. Usitetemeke." Akamgeukia Leonardi na ukumbi. "Ni mtoto. Mnisamehe mimi niliyemlea."

Watu walimpigia makofi.

Jumatano yake, pale studio, Mama Kalista alimrudishia kadi ndani ya bahasha, tupu kabisa. "Nimekufutia zote," Mama Kalista alisema, "hata zile nzuri. Ungeziona ungeumia." Alhamisi alipanda gari la Mbizi Nyota kwenda Namanyere.

Video iliyochukuliwa ukumbini ilikuwa imefika Sumbawanga kabla ya Winifrida. Ilikuwa na sauti, na jina lake alilolisema mara mbili. Vijana wa bodaboda walimpa jina jipya.

"Flashi, mambo!"

"Usimsemeshe, mshikaji, atakumulika!"

Bibi harusi aliyekuwa amemwahidi kazi alituma ujumbe kwamba familia imepata mtu mwingine. Kwaya ya parokia, iliyokuwa imemwita kwenye jubilei yake, ilikaa kimya, na alipokwenda kuulizia, mwalimu wa kwaya alimwambia kwa huruma kabisa kwamba wanakwaya wanaogopa watacheka katikati ya wimbo. Mama Kalista aliporudi kutoka Kipili, amenenepa, na samaki wakavu kwenye kikapu, alimgawia fungu na kumpa kazi ya pazia la bluu. Winifrida aliikubali. Msimu wote wa kiangazi alipiga pasipoti: inua kidevu, angalia hapa, usicheke.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kalenda za mwaka mpya zilianza kuuzwa. Alikuwa sokoni akinunua maharage alipoiona ikining'inia juu ya magunia. Mbizi Nyota, miezi yote chini, na juu picha moja kubwa. Mwanga mweupe kutoka paani. Macho yaliyofumbwa. Kiganja kinachovuta blanketi lisilokuwepo. Pembeni kwa herufi ndogo: Picha na Kalista Studio, Milanzi.

Muuzaji alimwona amesimama. "Chukua dada, zinaisha. Kila nyumba inaitaka. Mama wa watu analia akiitazama, halafu ananunua."

Winifrida aliacha maharage. Alikwenda moja kwa moja ukumbi wa mazoezi. Leonardi alikuwa peke yake, anakaza nyuzi za gitaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ah. Ni wewe."

"Picha ya kalenda ni yangu."

Alikuwa ameirudia sentensi hiyo njia nzima ili asiimeze. Leonardi hakushangaa. Aliendelea kuzungusha ufunguo.

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi si mtoto. Mwanga unaonyesha aliyepiga alisimama wapi. Aliyekuwa pale ni wewe. Kalista alikuwa kule gizani."

"Sasa kwa nini jina lake?"

"Kwa sababu aliniomba." Aliliweka gitaa mapajani. "Alikuja Kipili, tukiwa tumekaa ufukweni asubuhi, akapiga magoti kwenye mchanga na goti lake lile bovu. Akanionyesha. Akasema, 'Leonardi, kaka yangu, ukikataa naifuta hapa hapa.' Nililia. Halafu nikaona watu watalia kama mimi. Picha ya msiba, mama, ni ya aliyeomba. Wewe uliiba, yeye akaiombea ruhusa."

"Ni yeye aliyeniambia nisogee. Yeye ndiye aliyeniambia niwashe flashi, kwenye wimbo ule."

Leonardi alimtazama. Kulikuwa na huruma katika macho yake, na hiyo ndiyo iliyomuuma Winifrida zaidi.

"Ukamwamini mshindani wako?"

"Ni mwalimu wangu."

"Siku ile, kiti kimoja, wawili mnakitaka, alikuwa nani?"

Winifrida alikwangua tope la kiatu kwa kiatu kingine.

"Kalista huyo nilimfukuza mara tatu miaka ile anaanza," Leonardi alisema. "Mara ya pili nilimmwagia maji. Alikuwa anarudi. Wewe nimekufukuza mara moja, nikasema huyu mwenye jicho lile atarudi kesho yake kunitukana, nitampa kiti. Nilingoja, mama. Hukuja hata kudai picha zako mwenyewe."

"Uliwaambia wanipige picha."

"Ndiyo. Nao walifurahi." Alichukua tena gitaa. "Msimu ujao kiti kina mtu. Ukitaka kalenda, zipo hapo nyuma ya mlango. Chukua moja, usilipe."

Hakuichukua. Alirudi Milanzi, akamkuta Mama Kalista amemwekea chai imefunikwa na sahani. Mama Kalista alimtazama viatu vilivyojaa tope jekundu la njia ya ukumbi wa mazoezi, akajua alikotoka. Alichukua kitambaa, akainama kwa shida, akaanza kumfuta viatu. Winifrida alimwacha amfute. Mteja wa pasipoti aliingia, na wote wawili wakainuka.

Krismasi alikwenda kwao. Mvua ilikuwa imekolea na kila shamba lilikuwa jeusi kwa udongo uliogeuzwa. Cornelia alikuwa ametoka kulima upande wa nyuma ya nyumba, jembe begani, matope mpaka magotini. Karibu na zizi, ng'ombe aliyebaki alisimama akitafuna, amenona kwa kutokuwa na kazi.

"Mwanangu! Umekonda. Mjini hamli?" Cornelia alimkumbatia kwa viwiko ili asimchafue. "Ingia, ingia. Kuna kitu nataka uone. Simu yangu hii kitochi haina picha, lakini na mimi sasa nina yangu."

Ndani, ukutani, karibu na rozari na picha ya Mama Bikira Maria, ilining'inia kalenda.

"Nimeinunua kwa muuza duka, alibaki nayo moja," Cornelia alisema. Alikaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye kitenge, akaitazama kama mtu anayeota moto. "Kila jioni nikitoka shambani nakaa hapa. Tazama mkono wake. Ndivyo baba yako alivyokuwa anakufunika ukiwa mdogo, hivyo hivyo, vidole vimekunjwa. Nani alimwambia mtu huyu?"

Winifrida alisimama mlangoni na begi lake.

"Mimi si mtu wa kusoma sana, lakini aliyepiga hii ana moyo. Unajua kupiga, mwanangu, sisemi hujui. Lakini ukifika siku ukapiga kama hii, kazi haiwezi kukukosa. Ng'ombe wangu atapata mwenzake." Alicheka. "Unamfahamu aliyepiga?"

"Ndiyo, mama. Ndiye aliyenifundisha."

"Kumbe! Basi mshike huyo. Mheshimu. Usije ukamwacha." Cornelia aliinamisha kichwa, akakunja jicho moja. "Hebu inyooshe hapo juu, imepinda. Mimi siifikii."

Winifrida aliweka begi chini, akapanda kwenye kigoda kingine, akashika kalenda kwa ncha za vidole kila upande. Aliisogeza kushoto kidogo. Uso wa Leonardi ulikuwa karibu na wake kama siku ile.

"Zaidi?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapo hapo, sawa," mama yake alisema. "Haya shuka sasa, mwanangu. Unaniziba."